Mashine Nyepesi na Madoa ya Kanga

Kwetu kitu kilipimwa kwa kuinuliwa. Mama alipotaka kununua kuku sokoni, alimshika miguu akampandisha na kumshusha huku akitazama pembeni, kama mtu anayesikiliza jambo, kisha ndipo bei ilipoanza kuzungumzwa. Samaki hivyo hivyo. Redio, tochi, pasi ya makaa, hata kufuli: mtu alikiinua kwanza. Kikiwa kizito, ni halisi. Kikiwa chepesi, umeuziwa kopo. Nilikua nikiamini hivyo, na labda ningeamini hadi leo kama si pikipiki moja iliyoletwa Migori kutoka Macalder katika miaka ya tisini, wakati ambapo mimi na wadogo zangu wawili tulikuwa karibu kutawanywa.

Baba alikuwa ametangulia, na mama akamfuata kabla nyasi hazijaota vizuri kwenye kaburi lake. Mimi ndimi mkubwa. Niliacha shule nikiwa darasa la saba. Hakuna aliyenifukuza, niliona tu kwamba mmoja wetu lazima aache, na ndugu yangu alikuwa hodari wa hesabu kuliko mimi, na mdogo wetu wa mwisho, msichana, alikuwa bado ananyonya kidole gumba akilala. Tulihamia kwa baba mdogo, Uriri. Alikuwa na watoto wake wengi katika nyumba ya vyumba viwili, na sijapata kumsikia akilalamika juu ya ugali wetu. Ila nyumba haitanuki kwa sababu mwenyewe ana moyo mzuri.

Mimi nilipata kazi Migori mjini, kwenye karakana ya kupaka rangi. Siku za kazi nililala kwa mama mmoja aliyeuza chai karibu na hapo, na Jumamosi nilirudi Uriri. Jumamosi moja baba mdogo aliniita nyuma ya jiko.

"Mvulana atabaki hapa na wanangu," aliniambia. "Mdogo ataenda kwa shangazi yenu, kule Kegonga alikoolewa. Na wewe, umri wako wa kuolewa umefika."

"Baba," nilisema, maana kwetu ndugu ya baba ni baba, "nikipata mahali pa kukaa nao je?"

"Mahali gani? Msichana anajenga boma wapi?"

Hakusema kwa ubaya. Kwa desturi yetu binti hana nyumba yake katika boma la babake; kaka yake atajenga karibu na lango, yeye atatoka na kwenda kwa watu wengine. Hata ningekuwa na mabati na misumari, hapakuwa na ardhi ambayo mtu angeniruhusu kuchimbia nguzo. Baba mdogo alikuwa anasema tu jinsi dunia ilivyopangwa. Lakini aliniona bado nimesimama pale, akaongeza, "Tuvune kwanza. Mahindi yakiingia ndani, nitakuja mjini tuongee. Ukiwa na mahali, nionyeshe."

Kwa hiyo nilikuwa na muda wa mahindi kukauka.

Karakana ilikuwa nyuma ya duka la spea. Mwenyewe alikuwa mzee wa Kiislamu aliyetoka Mombasa miaka mingi nyuma, mwembamba, kofia yake safi daima hata rangi ikipeperuka hewani. Kiswahili chake kilikuwa kitamu kiasi kwamba wateja walimwuliza maswali yasiyo na maana ili wamsikie akijibu. Hiki Kiswahili ninachoandika hapa, kikiwa kimenyooka, nilikipata kwake. Kikipinda ni changu. Nilianza kwa kufagia na kufua vitambaa kwa mafuta ya taa. Baadaye nikapewa msasa. Siku moja aliniona nikichora ua kwenye kopo tupu la rangi kwa kijiti cha ufagio, akaligeuza kopo lile huku na huku, akasema, "Binti, kumbe mkono wako una macho." Tangu siku hiyo, mtu akitaka mchoro kwenye pikipiki yake, niliitwa mimi.

Wenye pikipiki hawakuwa wengi wakati huo. Abiria walibebwa kwa baiskeli. Pikipiki ilikuwa ya mhubiri, ya daktari wa mifugo, ya mnunuzi wa dhahabu, na kwa sababu hiyo kila mmoja alitaka yake itambulikane ikiwa bado ni vumbi tu kwa mbali.

Tulikuwa na fundi mkuu, mtu wa mabega mapana aliyezoea magari. Alinifundisha kupuliza rangi bila kuacha michirizi, na namshukuru. Aliniita nyako, yaani msichana, na kila asubuhi aliniuliza kama nimekula ndipo anitume. Mashine yake ya kung'arishia ilikuwa ya magari: chuma kitupu, vishikio viwili, na duara la manyoya ya kondoo lenye upana wa sinia. Yeye pekee ndiye aliyeweza kuishika kwa muda. Kwenye boneti ya gari ilifanya kazi nzuri. Lakini alipoitia kwenye tangi la pikipiki ya mhubiri, ililala kwenye ule mgongo wa juu na kula rangi mpaka chuma kikaonekana, kufumba na kufumbua. Tukapaka upya. Ikala tena, safari hii upande mwingine. Muda mfupi baadaye ikatoa moshi ikafa.

"Ilikuwa imechakaa," fundi alisema. "Mashine ikichakaa inaruka ruka. Tunahitaji mpya, nzito kama hii au kuishinda."

Sote tuliona ni sawa. Nani angebisha?

Ndipo akaja yule bwana wa Macalder. Alinunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo, akazunguka nayo kwenye mfuko wa ngozi uliofungwa kiunoni chini ya shati. Alitaka pikipiki yake iwe nyeusi ya samawati, na kwenye tangi achorwe kanga pande zote mbili.

"Kanga?" fundi akauliza. "Si simba? Si tai?"

"Simba amewahi kunipa nini?" bwana yule akajibu. "Chembe yangu ya kwanza ya dhahabu niliiona mahali kanga walipoparua. Nataka kanga. Na madoa yake yote, msinipunje."

Rangi ile ya samawati aliileta mwenyewe kutoka Nairobi, kopo dogo, na alituambia hakuna jingine. Baada ya yeye kuondoka mzee aliniita dukani, katikati ya mikanda na minyororo iliyoning'inia. Alijua habari za wadogo zangu. Mama wa chai alikuwa amemwambia.

"Sikiza, mwanangu. Huyu bwana anajulikana kutoka hapa hadi mpakani. Pikipiki yake ikitoka hapa imetakata, wenziwe watakuja, nami nitakuwa na sababu ya kukuandika kazi ya kudumu. Mtu wa kudumu hulala karibu na kazi yake. Ile stoo ya nyuma ina dirisha. Nitaitoa matairi, ukae na nduguzo. Lakini kazi kwanza."

Nilimwambia asante, nikaenda kusimama mbele ya mlango wa ile stoo. Ilijaa matairi hadi juu. Nilitazama mahali ambapo kitanda kingekaa.

Kanga nilimchora kwa siku kadhaa. Madoa nilitia moja moja kwa kichwa cha msumari, na doa la rangi likikauka huacha kijinundu. Ukipitisha kidole unakisikia. Juu ya vyote fundi alipuliza klia, ile rangi ya mwisho isiyo na rangi inayokinga zilizo chini. Ikakauka na kuwa na vipelepele kama ganda la chungwa. Sasa ilibaki kung'arisha, na mashine hatukuwa nayo. Kwa mkono ningeweza, lakini kwa mkono haing'ai kama kioo, na kioo ndicho alichotaka.

Mzee alikuwa amesikia kwamba Homa Bay kuna duka lililonunua vyombo vya karakana ya kampuni moja ya barabara iliyomaliza kazi. Fundi alikuwa amelala na malaria. Mzee akanipa fedha mimi.

"Mimi, Mzee? Si tumngoje fundi?"

"Atakayeitumia ndiye aichague."

Nilipita kwa fundi kumjulia hali. Alitoa kichwa kwenye blanketi. "Nyako, usidanganywe na rangi ya mashine. Inua. Iliyo nzito ndiyo ulete. Ukileta kopo, usinionyeshe, nitarudiwa na homa."

Nilichukua madigadi kuukuu iliyobaki ya pikipiki ya mhubiri, lile bati la kuzuia tope juu ya gurudumu, niliyokuwa nimeitia madoa na klia kwa majaribio, nikaifunga kwenye gunia na kwenda nayo.

Mwenye duka lile la Homa Bay alikuwa mama wa makamo, akichambua omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye ungo juu ya kaunta, katikati ya nyundo na jeki. Mashine za kung'arishia zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa dada ya ile yetu iliyokufa. Niliinua, na mkono ukafurahi kabla ya kichwa kufikiri. Ya pili ilikuwa ndogo, ganda la plastiki, shingo fupi, na duara lake la manyoya lilikuwa kama sosa ya chai. Niliinua kwa mkono mmoja. Ilikuwa nyepesi kama kuku wa mtu asiye na mahindi.

"Hiyo hakuna mtu anataka," mama alisema. "Wanaishika, wanacheka, wanarudisha. Mimi nilidhani ni ya kukaushia nywele."

"Mama, kuna stima? Naomba nijaribu."

"Jaribu zote. Usinirushie vumbi kwenye omena."

Niliketi chini, nikaiweka madigadi mapajani, nikapaka dawa nyeupe ya kusugulia. Nilianza na ile nzito, maana ndiyo niliyotumwa. Nilikaza mikono yote miwili kuizuia isilale, lakini si mimi niliyekuwa nikiishika. Uzito wake mwenyewe ndio uliokuwa ukikandamiza. Nilipoinua, madoa ya mbele yalikuwa yamekatwa vichwa, yamebaki vijiduara vyenye shimo katikati kama macho. Niliyatazama na nikaelewa kitu kuhusu tangi la mhubiri. Mashine yetu haikuchakaa. Gari lina uwanja. Pikipiki ina migongo na mabonde, na chochote kizito huangukia mgongoni.

Nikachukua ile ndogo. Ilikuwa na gurudumu la kidole la kupunguzia kasi. Nikaishusha kasi hadi chini, nikaigusisha tu. Niliweza kuisikia. Sijui niseme vipi: kila doa lilipopita chini ya manyoya, mkono ulipata habari. Nilisimama mara kwa mara na kuweka kiganja kwenye bati kupima joto. Lilikuwa vuguvugu tu. Vipelepele vya klia vilikwisha na madoa yakabaki, na nikaona taa ya dukani imejikunja ndani ya madigadi.

Mama aliacha omena zake akaja kutazama. "Kumbe nywele imekauka," alisema.

Lakini sikuinunua papo hapo. Nilitoka nikasimama kibarazani. Zilikuwa fedha za mzee, na kama ningekosea, hakukuwa na fedha nyingine wala stoo wala kopo lingine la samawati. Nilikuwa bado nimeshika madigadi, nikaipapasa huku na kule. Nikarudi ndani, nikalipa ile ndogo.

Nililala kwa nyanya yangu mzaa mama, nje kidogo ya mji ule. Alikuwa mfinyanzi wa vyungu, mkali wa mdomo, na utotoni alinirushia udongo nilipomharibia kazi. Aliiona mashine, akaiinua kabla hata ya kunisalimu vizuri.

"Nyepesi," akasema. "Nyathina, mtoto wangu, wamekuibia."

"Dana," nilisema, yaani nyanya, "si ya kubebea kitu. Ni ya kung'arisha."

"Kung'arisha kama nini?"

"Kama unavyofanya chungu na lile jiwe lako."

Alikuwa na kijiwe cha ziwani, laini, kidogo kama yai la njiwa, alichokisugulia vyungu kabla ya kuvichoma hadi vikawa na mng'aro. Aliipandisha na kuishusha mashine tena.

"Jiwe langu ni hili," alisema, akilitoa kwenye kikapu. "Yule jirani wa chini alitumia kubwa ili amalize haraka. Vyungu vyake vyote vina makovu." Akanirudishia mashine. "Basi kwa nini ungenunua nzito? Wewe ni mjinga?"

"Si wewe umesema nimeibiwa?"

"Nilisema kabla hujaniambia kazi yake. Lete chakula tule."

Karakanani nilipokelewa kwa kicheko. Fundi alikuwa amerudi kazini, amekonda. Aliiweka mashine kwenye kiganja, akaiinua juu kwa kidole kimoja na kidole gumba kama anayeshika panya mkia.

"Mzee! Njoo uone! Nyako ametuletea ya saluni! Bwana wa Macalder akija tutamtengeneza nywele!"

Wote walicheka, na mimi ningecheka kama isingekuwa ile stoo. Mzee alikuja, akaipokea, akaipima mkononi. "Umeijaribu?" akaniuliza.

Nilimpa madigadi. Upande mmoja madoa yaliyokatwa vichwa, upande wa pili madoa mazima. Mzee alipitisha kidole huku, akapitisha kule. Kisha akampa fundi. Fundi aliiangalia kwa muda mrefu, hasa ule upande ulioharibika, na nadhani naye alikuwa anakumbuka tangi la mhubiri. Alikwenda akaleta kamba ndefu ya stima, akaiunganisha mwenyewe, akafuta tangi vumbi kwa kitambaa kipya.

"Haya, saluni," aliniambia. "Lakini anza na tumbo la kanga. Shingoni rangi ni nyembamba zaidi, mimi ndiye nimepuliza, najua."

Alisema kweli, na kama asingeniambia ningeanzia shingoni. Nilikaa juu ya gunia, tangi mapajani kama nilivyokaa na mdogo wangu nikimsuka. Stima ya siku zile ilipanda na kushuka, na kila ilipopanda nilinyanyua mkono. Niligusa, nikapima joto kwa kiganja, nikagusa. Fundi alikuwa akipita nyuma yangu na kusema tu "polepole", halafu anakwenda zake. Nilipofika shingoni niliacha mashine nikamalizia kwa kitambaa na kidole. Hakuna doa lililopotea. Tulipolirudisha tangi kwenye pikipiki na kuisukuma juani, kanga alikuwa amesimama ndani ya maji meusi.

Bwana wa Macalder alipofika hakusalimu mtu. Alichuchumaa, akapitisha kidole gumba juu ya mabawa, doa kwa doa, kama anayepima chembe zake.

"Hamkunipunja," akasema.

Alikuwa bado amechuchumaa pale baba mdogo alipoingia uani na baiskeli yake. Mahindi yalikuwa yamekwisha kuingia ndani. Alikuwa amevaa kofia yake ya kutokea na alikuja kuniambia siku ambayo mdogo wetu angepelekwa Kegonga. Hilo niliweza kulisoma katika jinsi alivyoegemeza baiskeli, polepole sana. Mzee alimpa mkono na kumkaribisha, akamwelekeza kwangu, akamwelekeza kwenye pikipiki. "Kazi ya binti yako hiyo," alisema.

Baba mdogo hakuwa mtu wa maneno. Alizunguka pikipiki ile. Kisha akainama mbele ya tangi, na nikamwona anajiona. Aliirekebisha kofia yake, ikakaa sawa, akasimama wima.

"Mahali pako ni wapi?" akaniuliza.

Nilimpeleka kwenye stoo. Mzee alikuwa amekwisha kuwaambia vijana watoe matairi, na palinuka mpira na thina ya rangi. Baba mdogo aliangalia dirisha, akagonga ukuta kwa ngumi, akaangalia juu kama kuna mwanga unaopenya kwenye mabati.

"Mlango unafunga?"

"Una komeo, Baba. Kufuli sina."

Alipanda baiskeli yake akaondoka. Aliporudi, siku ya soko iliyofuata, kitanda cha mama kilikuwa kimefungwa nyuma ya baiskeli vipande vipande, ndugu yangu akisukuma upande mmoja na mdogo wetu akitembea mbele amebeba sufuria kichwani. Kutoka mfukoni baba mdogo alitoa kufuli. Aliipandisha na kuishusha kiganjani mbele yangu ili nione jinsi ilivyo nzito.

"Hii," alisema, "usikubali nyepesi."

Tuliishi katika chumba kile hadi ndugu yangu akamaliza shule na mdogo wetu akawa mrefu kunishinda. Mashine imebadilishwa waya, imebadilishwa makaa ya mota yanayopitisha stima, manyoya sijui mara ngapi, na bado naishika kwa mkono mmoja. Lakini asubuhi ile ya kwanza ndiyo ninayoirudia nikitaka kushukuru: wadogo zangu wametoka na sare zao wakielekea shule ya mjini, mmoja akimvuta mwenzake, nami nimesimama nje ya mlango wetu na ile kufuli mkononi, nikiifunga taratibu kwa sababu sikuwahi kuwa na mlango wa kufunga.